Nina majoka ya kutosha, bado napigwa na vijitu vya mana moja. Anayeanza apange vipi?

Mluguru_Mtupu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaocheza Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana kwa viumbe na uchawi. Nacheza kwa Arena, programu yake ya simu, niko chuoni Morogoro, na hapa hosteli wenzangu wote ni wa mpira wa PlayStation. Sina wa kumuuliza.

Sheria nimeshazielewa. Kila mtu ana uhai 20, deki ni kadi 60 au zaidi, kadi moja isizidi nakala nne isipokuwa ardhi za msingi. Unateremsha ardhi moja kwa zamu, unailaza (unaigeuza upande kuonyesha imetumika), unapata mana, yaani nguvu ya kulipia viumbe na uchawi. Hapo sina tabu. Tabu ni kwamba nimeganda daraja la Bronze, na kila nikikutana na hawa wenye deki nyekundu za vigoblini nakufa zamu ya tano, majoka yangu bado nimeyashika mkononi.

Deki yangu ni ya kijani na nyekundu:

Ardhi 18 (misitu 9 ya mana ya kijani, milima 9 ya nyekundu)
Shivan Dragon 4
Colossal Dreadmaw 4
Gigantosaurus 3
Llanowar Elves 4
Giant Growth 4
Burst Lightning 4
Viumbe mchanganyiko vya mana nne na tano nilivyookota kwenye pakiti, 19

Jokeri zangu nyingi (zile za kubadilisha uchukue kadi unayoitaka) zimeishia kwenye hayo makubwa. Je, ninunue pakiti zaidi, au kuna kitu sikioni? Naombeni majibu ya mtu anayejifunza, msinirushie misamiati.

KamandaWaBuruburu

Karibu kwenye mateso, msee. Deki nyekundu ni za watu wasio na subira, usijali. Ila Shivan Dragon nne nazipenda, usizitoe hata mtu akwambie nini.

DadaKinamasi

Mimi ndiye huyo mtu wa kukwambia uzitoe. Si zote. Zibaki mbili, au hata hizo mbili zikae pembeni kwanza.

Mdogo wangu, hujafungwa na goblini. Umefungwa na hesabu kabla hujakutana naye. Mimi kazi yangu ni kuhesabu mizigo ghalani usiku, Leicester huku, na Ijumaa nikiwa sina zamu naenda dukani kucheza kadi za mkononi. Kwa hiyo nivumilie, nitaanza na hesabu kabla ya uchawi.

Una ardhi 18 ndani ya kadi 60. Mkono wa kuanzia ni kadi saba, kwa hiyo kwa wastani unaanza na ardhi mbili na kidogo. Ukianza wewe, zamu ya kwanza huchoti, maana yake ukifika zamu ya nne umeona kadi kumi. Kwa deki yako, nafasi ya kuwa umepata ardhi nne kufikia hapo ni kama 34 kwa mia. Yaani michezo miwili kati ya mitatu, zamu ya nne inakukuta huna ardhi nne, na hivyo viumbe vyako 19 "mchanganyiko" vinaanzia mana nne! Ukiweka ardhi 24, nafasi hiyo inapanda hadi 63 kwa mia. Hujanunua pakiti hata moja.

Sasa njoo kwenye joka lenyewe. Shivan Dragon ni mana sita, mbili kati yake lazima ziwe nyekundu. Kuwa na ardhi sita zamu ya sita, ukianza wewe, kwa ardhi zako 18, ni mara 9 katika mia. Tisa! Na hata kwa ardhi 24 ni kama 32 tu. Ndiyo maana nasema zisizidi mbili. Kadi ya mana sita huitaki mkononi zamu ya kwanza, unaitaka ikufikie baadaye, na ukiwa na nne zinakuja mapema, zinakaa mkononi zinakutazama.

Gigantosaurus ndiye aliyenichekesha. Ni 10/10 (anapiga kwa 10, anakufa akipigwa 10) kwa mana tano, sawa, lakini zote tano ni za kijani. Una misitu tisa. Bila hao Elves wakubebe, huyo mnyama hatoki.

Kwa hiyo kwanza kabisa: rangi moja. Ukishajua kucheza rangi moja, utaongeza ya pili. Kijani kinamfaa anayeanza, kwa sababu viumbe vyake ni vikubwa kuliko bei yake na Llanowar Elves anakupa mana ya ziada kuanzia zamu ya pili. Ardhi 23 au 24. Kisha viumbe vya mana mbili viwe vingi kuliko vyote, vya mana tatu vifuate, vya nne vichache, na vikubwa vitatu au vinne kwa jumla, vya majina yote. Viumbe vya mana mbili vinaonekana vinyonge, najua. 2/2 hana picha ya kutisha. Lakini yeye zamu ya pili yupo mezani, joka lako liko mkononi, na kadi iliyo mkononi haimzuii mtu.

Mana usiyoitumia inapotea zamu ikiisha. Haiwekwi akiba. Mpinzani wako mwekundu zamu ya kwanza katumia moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, jumla sita. Wewe katika zamu hizo tatu umetumia ngapi? Ukiwa na bahati, moja ya Elves. Hiyo ndiyo sababu ya kifo cha zamu ya tano, kadi zake za bei rahisi hazina ajabu yoyote.

Pakiti usinunue. Fanya kazi za kila siku za Arena, zile za dhahabu 500 au 750. Ukipewa ya 500 unaruhusiwa kuibadilisha mara moja kwa siku, ibadilishe, huenda ukapata ya 750. Pakiti ni dhahabu 1,000, zitakuja zenyewe. Jokeri zikamate mpaka ujue deki yako inataka nini.

Mluguru_Mtupu

Dada, shikamoo kwanza. Nimesoma mara mbili. Hiyo ya 9 katika mia imeniuma.

Nina swali. Kuna mchezo jana jamaa alikuwa na viumbe vitatu, viwili vya 2/1 na kimoja 1/1, mimi nina 3/3 na 2/2, uhai wangu 14. Akashambulia na vyote. Sikuzuia, kwa sababu 2/2 wangu angekufa na nilitaka kuwatunza niwe na jeshi. Nikabaki na 9. Baadaye akanimalizia kwa kadi za moto. Kutunza viumbe si jambo jema?

DadaKinamasi

Marahaba.

Kutunza kwa ajili ya nini? Hilo ndilo swali la kujiuliza kila mpinzani anaposhambulia. Katika kila mchezo kuna mmoja anayetaka uishe haraka na mmoja anayetaka urefuke. Goblini wake zamu ya pili ni hatari, zamu ya nane ni takataka. Wewe zamu ya nane unateremsha 6/6. Muda ni wako. Basi kazi yako katika mchezo ule haikuwa kujenga jeshi, ilikuwa kufika zamu ya nane ukiwa hai.

Rudi mezani. 3/3 wako angezuia 2/1: yeye anakufa, wako anabaki. 2/2 wako angezuia 2/1 wa pili: wanakufa wote wawili. Umepoteza kiumbe kimoja, yeye viwili, na uhai umeshuka kwa moja tu hadi 13. Abaki na 1/1 peke yake mbele ya 3/3 wako. Angekuwa na kadi ya hila mkononi, sawa, angeokoa kimoja, lakini pia angekuwa ameitumia hiyo mana na hiyo kadi badala ya kuongeza kiumbe. Mtu anayetaka mchezo urefuke anapenda kubadilishana moja kwa moja. Kila mkibadilishana, meza inasafishika, na meza ikiwa tupu kadi zako zinazokuja ni nene kuliko zake.

Ukikutana na deki ya buluu, geuza yote haya. Yule anakaa na mana zake wazi, yaani hajazitumia, anazuia uchawi wako usitoke, anachota kadi mbili mbili. Muda ni wake. Hapo wewe ndiye mwenye haraka: teremsha vya bei ndogo mapema, shambulia kila zamu, usimsubiri akusanye. Watu wengi wanaoanza wana mwendo mmoja kwa kila mpinzani, na wanadhani wamefungwa na kadi.

Na uhai wako usiuonee huruma kupita kiasi upande wa pili. Kutoka 20 hadi 12 dhidi ya deki ya taratibu si msiba, kama hizo nane zilikununulia viumbe wawili mezani. Dhidi ya nyekundu ndiyo uuchunge, kwa sababu wana moto wa kumalizia usoni bila kupitia viumbe wako.

PwaniHobi

Naongeza la kwangu dogo ambalo watu wa simu huwa hawaambiwi. Shambulia kwanza, teremsha kiumbe baadaye. Zamu ina nafasi ya kucheza kadi kabla ya mapigano na nyingine baada yake. Kiumbe mpya hashambulii zamu anayoingia (isipokuwa wenye kasi maalumu), kwa hiyo ukimteremsha kabla hujashambulia umempa tu mpinzani habari. Ukishambulia na mana nne wazi, anabaki anajiuliza una nini mkononi. Hata kama huna kitu.

Na Giant Growth usimpe kiumbe kabla mpinzani hajaamua anazuia au la. Subiri azuie, ndipo uongeze hiyo +3/+3. Tena tazama mana zake. Akiwa ana mana nyekundu wazi, unampa Elves wako Giant Growth, yeye anajibu kwa moto kabla haijafanya kazi, umepoteza kadi mbili kwa moja yake.

DadaKinamasi

@PwaniHobi hapo umesema. Kadi mbili kwa moja ndiyo njia ya haraka ya kufilisika kwenye mchezo huu. Na kinyume chake ndiyo utajiri: ukiona nafasi ya moto wako mmoja kuua viumbe viwili, au kuua kiumbe ambacho yeye amekipamba kwa kadi nyingine, subiri hiyo nafasi.

Burst Lightning, kwa mfano, kwa mana moja inatoa madhara mawili. Ukilipa nne zaidi, inatoa manne. Mluguru, ukiichezea Elves wa mtu zamu ya kwanza, hongera, umemchelewesha. Ukiichezea 1/1 asiye na kazi zamu ya tatu kwa sababu tu "nina mana moja imebaki", umetupa. Najua nimesema mana isipotee. Mana isipotee kwa kuipanga kwenye deki, si kwa kufyatua kila unachoshika.

KamandaWaBuruburu

Mnamfanya kijana mhasibu. Mimi niko Nairobi, tunacheza Commander nyumbani kwa mmoja wetu wikendi, watu wanne mezani. Deki kadi 100, kila kadi nakala moja tu ukitoa ardhi za msingi, uhai 40. Pale majoka yanaruka vizuri! Hakuna wa kukuua zamu ya tano kirahisi, kwa sababu ana watu watatu wa kupigana nao. Msee akipenda majoka aende huko akafurahie, badala ya kulishwa 2/2 kama dawa.

DadaKinamasi

Kamanda, sikupingi, Commander naicheza na naipenda. Lakini yeye kasema yuko peke yake hosteli. Wale watatu atawatoa wapi? Tena kwenye meza ya watu wanne unaweza kufika mwisho wa mchezo kwa sababu tu hakuna aliyekutazama, ukadhani umecheza vizuri. Mchezo wa wawili haufichi kitu. Ajifunze kwanza huku, akija Nairobi atawala nyama.

Jambo moja jingine, Mluguru, kabla sijaingia zamuni. Mkono wa kuanzia. Usikubali kila unachopewa. Ardhi moja, rudisha. Ardhi sita, rudisha. Ardhi saba usiulize. Ukirudisha unachota saba upya, kisha unachagua moja ya kuweka chini ya rundo, kwa hiyo unaanza na sita ulizozichagua. Watu wanaogopa kuanza na sita, wanabaki na saba mbovu. Ardhi mbili ukiwa wa pili kuanza, una Elves na viumbe vya mana mbili, unaweza kubaki nazo. Ardhi mbili na Dreadmaw watatu, rudisha bila kusikitika.

Pia ujue Arena inakudekeza. Kwenye michezo ya raundi moja inaangalia mikono zaidi ya mmoja na kukuelekezea ule ulio karibu na uwiano wa ardhi wa deki yako. Ukiwa na ardhi 18 inakuletea uwiano wa 18, ndiyo hizo mbili mbili unazoziona kila siku. Siku ukicheza na kadi za mkononi hakuna wa kukupangia, unachanganya na kukata kama karata za wahedi wa sitini, linalokuja ndilo lako.

Mluguru_Mtupu

Wakuu nimerudi. Bando lilikata. Nimevunja deki nikajenga ya kijani tupu. Nimeshinda michezo kadhaa, na mmoja ulikuwa dhidi ya nyekundu, nilizuia mpaka akaishiwa kadi mkononi. Dada ile ya kubadilishana moja kwa moja inafanya kazi kweli. Nilishangaa kuona mimi ndiye mwenye kadi nyingi.

Hii hapa, naomba muikague:

Misitu 24
Llanowar Elves 4
Viumbe vya mana mbili 14
Viumbe vya mana tatu 8
Viumbe vya mana nne 4
Gigantosaurus 2
Colossal Dreadmaw 1
Giant Growth 4

Kitu kinachonisumbua sasa ni viumbe vinavyoruka. Kuna mtu alinitoa kwa Serra Angel mmoja tu, anaruka, anashambulia bila kulala, halafu bado anazuia. Kijani hakina moto, nifanyeje?

PwaniHobi

Hiyo ndiyo bei ya kijani. Tafuta kati ya kadi zako viumbe wenye uwezo wa kuzuia warukao, buibui mara nyingi wanao. Wawili wanatosha, waingie mahali pa vya mana tatu au nne.

DadaKinamasi

Jumlisha tena, mdogo wangu. Hiyo ni 61. Sheria inaruhusu, mimi siruhusu: kila kadi ya ziada inapunguza nafasi ya kuzipata zile nzuri.

Toa Giant Growth mbili, weka Bite Down moja, utafika 60. Bite Down ni mana mbili, kiumbe chako kinampiga kiumbe cha mpinzani kwa nguvu zake, chenyewe hakipigwi. Serra Angel ni 4/4, kwa hiyo ukiwa na kiumbe wa nguvu nne mezani umeshamtoa, hata kama anaruka. Unaweza kuicheza hata katika zamu yake. Ila usimuonyeshe kiumbe wako mwenye nguvu halafu ukaicheza huku ana mana wazi, akimuua wako katikati Bite Down haifanyi kitu. Subiri alaze mana zake kwa kumteremsha huyo Angel. Ana bei ya tano, mara nyingi hatabakiwa na kitu. Hapo hapo, kabla hajapata zamu ya kushambulia naye.

Ukipenda jinsi inavyofanya kazi, tumia jokeri kupata ya pili na ya tatu. Ni kadi ya daraja la chini, hizo jokeri unazo. Na Giant Growth zilizobaki zitoke taratibu, hazina kazi siku meza yako ikiwa tupu.

Hao wa mana mbili 14 ni akina nani? Andika majina yao na nguvu zao, nitakuwa na mapumziko saa nane usiku kwa saa za huku.